Tairi la Kijiwe

"Simama," mke wake alisema. "Tairi linakufa."

"Tairi gani? Gari linakwenda vizuri."

"La nyuma, upande wangu. Simama kabla hujaua na rimu."

Dereva hakusimama. Alikuwa mume, na mume akipewa habari za gari lake na mtu asiyekiona hata kioo cha mbele, lazima kwanza abishe kidogo kwa ajili ya heshima. Lakini hakufika mbali. Sehemu ya nyuma ya gari ilianza kuyumba, kisha ikaja ile sauti ambayo kila dereva huijua hata akiwa usingizini, pwaa, pwaa, pwaa, kama mtu aliyevaa ndala zilizolowa anakufuata. Akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Pande zote mbili kulikuwa na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mabua makavu yalikuwa yakigongana kwa upepo.

"Nilikuambia," alisema mke wake.

"Umeniambia."

Alishuka, akazunguka, akachuchumaa. Halikuwa tundu la msumari, la kuzibwa na kujazwa upepo. Ubavu wa tairi ulikuwa umechanika, mpasuko wa urefu wa kidole, na nyuzi za ndani zilikuwa zinachungulia. Ni lile shimo la pale nyuma, alilokutana nalo ghafla baada ya kona, akiwa katika mwendo ambao hakuuzoea. Tairi la namna hii fundi yeyote angemwambia akawatengenezee watoto bembea.

Kijiweni, pale madereva walipoegesha teksi zao, wenzake walimwita Taratibu. Abiria wenye haraka walimkwepa. Wauza mayai, wajawazito na watu waliotoka kung'olewa meno walimgombania. Katika miaka yote aliyoshika usukani hakuwahi kumwaga chai ya mtu garini, na jambo hilo lilimpa fahari kidogo, ingawa hakulisema. Na leo, siku moja tu aliyoamua kukimbiza gari, ndiyo siku aliyokuwa amembeba mke wake.

"Haya, mtoe Bi Harusi tuondoke," mke wake alisema kutoka ndani. Uso wake alikuwa ameuelekeza pale sauti ya miguu ya mumewe ilipoishia.

Taratibu akaenda nyuma, akafungua buti. Kwa nini alilifungua hata yeye hakujua, maana kilichokuwamo alikijua vizuri: jeki, spana, kitambaa cha kufutia mikono na dumu la maji. Mahali pa tairi la akiba palikuwa duara tupu, safi, limefagiliwa.

Bi Harusi lilikuwa jina la tairi, na jina hilo lina habari yake. Madereva wa kijiwe kile wote waliendesha magari ya aina moja, makuukuu, na matairi yao ya akiba yalikwisha kuingia kazini zamani, kama wachezaji wa akiba wanavyoingia uwanjani wenzao wakiumia. Hakuna aliyeweza kununua jingine peke yake. Basi walichanga, wakanunua moja la wote, jipya, wakaliwekea sheria. Anayekwenda mbali ndiye anayelibeba. Akilitumia, alirudishe limejaa upepo, halina pancha, na limeoshwa. Wakaliita Bi Harusi kwa sababu kila mtu alitaka kumbeba na hakuna aliyetaka kuulizwa kwa nini amemrudisha na vumbi. Watu wa vijiwe vingine waliwacheka, lakini mpango ulifanya kazi. Hakuna aliyewahi kulala njiani.

Mpaka alipolala Redio.

Redio alikuwa dereva mwenzake na pia shemeji yake, mdogo wa mke wake. Jina lile alilipata kwa haki: alianza kuongea abiria anapofungua mlango, na aliendelea hata abiria akishashuka. Mvua zilizopita, Taratibu alirudi kutoka safari na Bi Harusi, akamkabidhi Redio, na Redio akaenda naye mbali zaidi. Huko akapata pancha. Alipofungua buti alikuta tairi limelegea, ukilibonyeza linabonyea. Alilala garini, kwenye mvua, katikati ya pori, na kesho yake alifika kijiweni akasema mbele ya watu wote kwamba shemeji yake alimkabidhi maiti.

Taratibu alijua alilijaza upepo lile tairi. Alilijaza mwenyewe, akalipiga teke, mguu ukamrudia vizuri. Akasema hivyo. Redio akasema zaidi, maana siku zote alikuwa na zaidi. Maneno yakatoka kwenye tairi yakaingia kwenye ukoo, na mtu mpole akikasirika huwa hana breki. Taratibu alisimama akala kiapo mbele ya kijiwe kizima.

"Nikiligusa tena tairi hilo," alisema, "niiteni punda."

Tangu siku ile mashemeji hawakusalimiana. Walikaa benchi moja, kila mmoja ncha yake, na wenzao waliokaa katikati walichoka kupitisha salamu wakaacha. Taratibu akawa hapokei safari za mbali. Akiulizwa, alisema mgongo unamsumbua.

Safari hii hakuweza kuikataa. Mke wake alikuwa msusi, na kwa miaka mingi njia alizozipasua kwenye nywele za watu zilinyooka kana kwamba zimepigwa rula. Kisha mtoto wa jicho akaingia, kwanza jicho la kulia, halafu la kushoto, polepole, kama dirisha linalopakwa chokaa. Vidole viliendelea kusuka kwa mazoea, lakini njia zikaanza kupinda. Wateja wake wa zamani hawakusema kitu. Walifika kwao wakafumua. Siku moja msichana mmoja alijitazama kwenye kioo, akaguna, akacheka kidogo, kicheko cha adabu tu. Jioni ile mke wake aliviosha vitana vyake vyote, akavikausha, akavifunga kwenye kitambaa. Hakulia. Taratibu angependa alie, angalau angejua la kufanya. Sasa mwanamke huyu alikuwa anaona mwanga na vivuli, na uso wa mumewe, alisema, ulikuwa kama sahani.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja katika hospitali ya mji wa jirani kwa siku chache tu, na leo ilikuwa ya mwisho. Walikwisha kumpima na kumwandika kwa upasuaji. Lakini asiyekuwepo akiitwa, nafasi yake hupewa mwingine anayesubiri mlangoni, na madaktari wakishaondoka hakuna ajuaye watarudi lini. Labda mwakani, walisema. Neno hilo "labda" Taratibu alilibeba moyoni tangu alipolisikia.

Asubuhi alipita kijiweni kwa nia ya kulichukua tairi. Aliliona, limeegemezwa kwenye nguzo, karibu na miguu ya Redio. Akapunguza mwendo, akapita. Akazunguka mtaa mzima, akarudi, akapunguza tena. Ingembidi ashuke, atembee mbele ya benchi lote, ainame mbele ya shemeji yake na kuligusa. Akapita tena.

"Mbona tumepita hapa mara ya pili?" mke wake aliuliza. "Nasikia walewale wanabishana."

"Nilisahau kitu."

"Umekipata?"

"Twende, tutachelewa."

Na kweli walichelewa, na kwa kuwa walichelewa alikimbiza gari, na kwa kuwa alikimbiza hakuliona shimo. Mtu akijitafutia balaa kwa bidii namna hii, shetani hukaa pembeni akaangalia tu.

Sasa alilifunga buti.

"Bi Harusi hayupo," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Ulipofunga buti pale nyumbani lililia kama debe. Akiwemo haliliagi hivyo."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungekwenda kugombana na mdogo wangu mbele ya watu, au ungegombana na mimi mpaka jua litue. Nikaona nimwombe Mungu tu." Akafikiri kidogo. "Inaelekea sikuomba vizuri."

Hakusema kwa hasira. Kama angemlaumu, Taratibu angejitetea. Alisimama pale ameshika spana, akaona aibu kubwa kuliko aliyowahi kuona mbele ya kijiwe, na aibu hii haikuwa na mtu wa kuibishia.

Alisimama barabarani akapunga mkono. Basi moja likapita limejaa mpaka mlangoni, kondakta akamwonyesha kwa vidole kwamba hapana nafasi hata ya kuku. Baada ya muda lori la mchanga likasimama. Dereva wake akashuka, akalitazama tairi, akatikisa kichwa.

"Hili ni la kuzika," alisema. "Nafasi ni moja. Mama naweza kumbeba, lakini mimi nakatia njia panda ya machimbo. Nitamshusha pale, atapata usafiri mwingine."

"Nikishushwa njia panda nitamuuliza nani njia?" mke wake alisema. "Miti?"

Mwenye lori akacheka, kisha akaelewa, akaacha kucheka. Akawapa pole. Alipokuwa anapanda tena kwenye lori lake akageuka.

"Huna mtu wa kumpigia simu? Dereva asiye na spea bora awe na mtu."

Mtu alikuwepo. Taratibu alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akatembea hatua chache kando ya barabara, akaitoa tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye asubuhi alikataa kuinama mbele ya benchi la watu anaowajua. Sasa hapa palikuwa na mabua tu. Angalau hapa hakuna anayeniona, alijiambia. Kisha akageuka akamtazama mke wake pale kwenye kiti, ameshikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwake, na akakumbuka kwamba hata yeye hamwoni. Hilo lilimuuma kuliko yote. Akabonyeza namba.

Simu iliita mpaka karibu ikatike. Ilipopokelewa alisikia mngurumo wa injini, lakini hakuna aliyesema "halo". Redio, mtu wa maneno kuliko wote, alikuwa anasubiri.

"Shemeji," alisema Taratibu.

Injini ya upande wa pili iliendelea kunguruma.

"Tairi limepasuka. Nimepita daraja la pili, kwenye mashamba. Niko na dada yako, tunakwenda kwenye macho." Aliligeukia gari. "Nakuomba unisaidie."

Simu ikakatwa.

Aliishika sikioni muda kidogo zaidi, asije mtu akadhani amekatiwa, ingawa mtu hakuwepo. Kisha akarudi garini.

"Amesema nini?" mke wake aliuliza.

"Hakusema kitu. Amekata."

Mke wake akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani mikono yake ikaulegeza ule mkoba.

"Basi anakuja," alisema.

"Nimekuambia amekata."

"Mdogo wangu namjua mimi. Angekuwa hataki kuja, angekueleza sababu mpaka vocha imwishie."

Taratibu hakuwa na uhakika huo, lakini mikono ilitaka kazi. Akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu mazima. Akalegeza nati kabla ya kuliinua gari, kama inavyotakiwa, moja moja, akisimama juu ya spana kwa zile zilizoshika kutu. Mke wake alikataa kushuka. Alisema yeye si mzito, na gari lilikwisha kubeba watu wanene kuliko yeye. Akalipandisha gari kwa jeki, polepole, akalitoa tairi lililokufa, akazipanga nati ndani ya kifuniko cha gurudumu ili zisipotelee mchangani. Akafuta vumbi kwenye vyuma vya kuvalishia tairi. Akafuta tena. Jua lilikuwa limepanda. Huko mbele, mahali fulani, muuguzi alikuwa anaita majina.

"Huyo," alisema mke wake.

Taratibu alisimama akaangalia barabara. "Sioni kitu."

"Mimi je? Lakini ekzosi yake imetoboka. Sikiliza."

Alisikiliza. Kwa mbali kulikuwa na mngurumo mkavu wa kukoroma, na baadaye ikatokea teksi ya Redio, imebeba vumbi lake lote, ikaja mpaka karibu yao ikasimama nyuma ya jeki kwa umbali wa adabu.

Redio akashuka. Hakumtazama shemeji yake. Alikwenda kwenye dirisha la dada yake.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula."

Maneno yake yote yakaishia hapo. Akafungua buti, akamtoa Bi Harusi, safi, mweusi, ameoshwa. Taratibu akanyoosha mikono ampokee.

"Usiguse," alisema Redio. "Uliapa."

Akalibingirisha tairi mwenyewe mpaka kwenye gari, akapiga magoti mchangani. Ilikuwa dharau au ilikuwa huruma, Taratibu hakuweza kujua, na nadhani Redio pia hakujua. Lakini kulivalisha tairi peke yako si kazi ndogo kwa mtu mwenye bega bovu, na bega la Redio lilikuwa bovu tangu ajali ya ujana wake. Alilinyanyua, matundu hayakukutana na vyuma. Akalishusha, akazungusha kidogo, akalinyanyua tena. Likateleza. Jasho lilimtiririka shingoni. Mara ya tatu bega lilikataa kupanda, na hakuomba msaada, kwa sababu ukoo ule hauombi msaada, huo ndio ugonjwa wake.

Taratibu alitazama bega lile. Akalitazama jua. Kisha akapiga magoti karibu na shemeji yake, akapitisha viganja vyake viwili chini ya tairi, akanyanyua. Bi Harusi akaingia mahali pake kwa mlio mdogo, tak.

Walikaa hivyo kidogo, mabega yakigusana.

"Punda," alisema Redio, bila kumtazama.

"Ndiyo," alisema Taratibu. "Nipe nati."

Ndani ya gari mke wake alicheka mpaka gari likatikisika, na wote wawili wakamwambia kwa pamoja atulie, atawaangushia gari miguuni. Baada ya hapo kazi ilikwenda yenyewe. Mmoja alitoa nati, mwingine aliizungusha kwa vidole. Wakateremsha jeki. Redio akashika spana na Taratibu akaonyesha kwa kidole ipi ifuate, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, wasilikaze gurudumu upande mmoja. Walikwisha kufanya hivi pamoja mara nyingi kabla ya ugomvi, na mikono haikuwa imesahau.

"Tangulieni," alisema Redio. "Niko nyuma yenu."

Taratibu alikaa nyuma ya usukani, akawasha gari, na mguu wake ukataka kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mke wake akamshika mkono.

"Nenda mwendo wako," alisema. "Baraka za haraka haraka tumeshaziona."

Akaenda mwendo wake, akiyakwepa mashimo yote, makubwa na madogo, moyo ukimwenda mbio badala ya gari. Nyuma yake alikuja Redio. Mtu huyu tangu apate leseni hakuwahi kufuata gari la polepole bila kulipigia honi na kulitukana. Leo alifuata mpaka mjini, na honi haikulia hata mara moja. Taratibu alimwangalia kwenye kioo kila baada ya muda, na kila alipomwona yupo alipumua vizuri zaidi.

Geti la hospitali lilikuwa limefungwa.

"Wa macho wamekwisha kuingia," alisema mlinzi. "Waliochelewa wameambiwa wasubiri mpaka madaktari warudi tena."

"Lini?"

"Mzee, mimi nalinda geti. Madaktari siwalindi."

Taratibu alishika vyuma vya geti kwa mikono yenye grisi. Mke wake alikuwa amesimama kando yake akigeuza uso huku na huku kuzitafuta sauti. Hapo Redio akasogea mbele, akakohoa kusafisha koo. Alikuwa amesema machache tu tangu ile simu, na maneno ya siku nzima yalikuwa yamemjaa kifuani.

Alianza na salamu, akauliza hali ya familia ya mlinzi. Akaeleza habari za tairi, tangu lilipokuwa dukani. Akaeleza habari za dada yake, aliyemlea mgongoni, aliyemsuka hata yeye utotoni mpaka wenzake wakamcheka, na kwamba mikono ile haina kosa, kosa ni macho. Mlinzi alifungua mdomo, akakuta hapana pa kupenya. Redio akahamia kwenye bega lake, akarudi kwenye tairi, akaanza kueleza barabara ilivyo, shimo moja baada ya jingine. Mlinzi akafungua geti. Pengine alihurumia, pengine alitaka tu kupumzika. Mwenye shida haulizi.

Mwisho wa ukumbi mrefu muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kiuno.

"Wewe ndiye msusi?" alisema. "Nimekuita mpaka koo limekauka."

"Ni mimi, mwanangu. Tairi lilipasuka."

"Bahati yako. Aliyekutangulia presha ilimpanda, ikabidi atulizwe kwanza, ndiyo kwanza anatoka. Angekuwa sawa ungekuta tunafunga vifaa. Nipe mkono, mama. Kuna ngazi moja hapa, nyanyua mguu."

Mke wake akampa muuguzi mkono mmoja. Ule mwingine akaunyoosha nyuma, hewani, akitafuta. Taratibu akaushika, akasahau kuuachia, mpaka muuguzi akamwambia, "Baba, wewe hatukupasui." Akauachia. Mlango ukafungwa.

Aliketi kwenye benchi la ukumbini kama mtu aliyetuliwa gunia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, grisi ingemwingia machoni, na pale hapakuwa mahali pa kuongeza mgonjwa mwingine. Wamefika. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo mara nyingi, na kila mara lilikuwa bado ni kweli.

Redio akaketi, si kwenye ncha nyingine ya benchi, hapohapo karibu.

"Ilikuwa vali," alisema.

"Nini?"

"Bi Harusi. Ile mara ya mvua. Vali ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Wewe ulijaza upepo, ukatoka wenyewe. Fundi aliniambia wiki ileile, nikaibadilisha."

"Na hukusema."

"Nimesema kila kitu duniani isipokuwa hicho." Redio alizitazama kucha zake. "Kila nikija kwenye benchi najiambia leo. Halafu wewe unakohoa, unatazama pembeni, na mimi naanza habari nyingine."

Taratibu aliitafuta hasira aliyokuwa nayo tangu mvua zile. Haikuwepo. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimejaza nafasi yote.

"Asubuhi nilizunguka kijiwe," alisema.

"Nilikuona. Mara zote mbili. Ya pili nilikwisha kusimama, nimelishika tairi. Ukakanyaga mafuta." Redio akaguna. "Nikalitia kwenye buti, nikapakia abiria wa kuja huku huku, nikasema nitawakuta njiani. Uliponipigia ilibidi nimshushe, maana alitaka tupitie kwa shangazi yake kwanza. Amenitukana na ukoo wangu wote."

"Na mimi nimo?"

"Wa kwanza."

Wakacheka chini chini, kwa kuwa ilikuwa hospitali. Kisha Redio akaanza kueleza habari za yule abiria, na shangazi wa yule abiria, na hakunyamaza tena. Taratibu alisikiliza kila neno. Muuguzi alipotoka kuwaambia kwamba imekwenda vizuri, jicho limefungwa, mgonjwa atalala wodini na wao wasubiri nje mpaka asubuhi, Redio alisimama akamshukuru kwa urefu ambao muuguzi yule hatausahau.

Walilala kwenye gari la Taratibu, viti vimelazwa nyuma, kwa sababu Redio alisema lake lina kunguni, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kulipokucha Taratibu aliamka, au aliamka nusu. Mwanga ulikuwa bado mchanga. Kando yake Redio alikoroma, mdomo wazi. Kulikuwa na mtu amesimama mbele ya gari, karibu kabisa na boneti, na Taratibu aliyafumbua macho yake kidogo tu, kwa wembamba wa uzi.

Ni mke wake. Muuguzi alikuwa amebaki kule kwenye baraza, akimwangalia kwa mbali. Pamba ilikuwa imetolewa, jicho lilikuwa jekundu na lilikuwa linatoa machozi, na hakuwa ameshika ukuta wala mkono wa mtu. Alikuwa anamtazama mdogo wake. Alimtazama kuanzia utosini, akatabasamu. Kisha akahamia kwa mumewe. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye mashavu, akafika kwenye ndevu zilizoota mvi wakati yeye haoni, akasimama hapo muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya kichwa cha mteja kabla hajachagua pa kuanzia.

Taratibu alijua akijitikisa tu ataacha. Watasalimiana, watamwamsha Redio, wataulizana habari za dawa na barabara. Basi akayafumba macho, akapumua kama mtu aliyelala, akauacha uso wake utazamwe.